Msiuze kiwanja kwa ajili ya tiba ya jeni ya goti

Dada yangu, pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza kama muuze kiwanja ili akatibiwe nje ya nchi kwa tiba ya jeni (kuingiza jeni mwilini ili kutibu ugonjwa), kwa kuwa gegedu za magoti yake, yaani tishu laini zinazokinga ncha za mifupa kwenye kiungo, zimelika. Msiuze. Korea Kusini iliidhinisha sindano ya aina hiyo, Invossa, mwaka 2017, ikafuta kibali mwaka 2019 baada ya kubainika kuwa seli zilizobeba jeni zilitokana na figo, si gegedu kama ilivyosajiliwa. Utafiti unaendelea na nina matumaini nao, ila kwa kawaida mshiriki wa jaribio halali hauziwi dawa inayojaribiwa. Kwa sasa mpelekeni kwa daktari wa mifupa, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ayaanze mapema.