Mti haujakauka, unachonga nini?

Juzi nimeingia karakana nikamkuta kijana anakomba sanduku la ilimba, ile ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, kwenye mninga ambao ukiubonyeza kwa ukucha unatoa maji. Nikamnyang'anya patasi. Sikumwambia sababu, nilikuwa na hasira. Basi mdogo wangu, sababu ni hizi, na wenzako wasome.

1. Mti ukauke kwanza. Mwaka wangu wa pili kazini hapa Bagamoyo, mzee mmoja wa Kigogo aliniagiza ilimba kubwa ya kupiga kwenye harusi ya mjukuu wake, Dodoma. Gogo lilikuwa na wiki 3 tangu likatwe. Mti mbichi unadanganya: patasi inapita kama kwenye muhogo. Nikapanga ndimi 36, nikazitafutia sauti usiku kucha, ikalia vizuri mno. Hapa pwani hewa ina unyevu. Kule Dodoma upepo ni mkavu, ukazinyonya kuta za sanduku. Ufa ukaanzia kwenye tundu, ukapanda hadi kwenye daraja ambalo ndimi zimelalia, ufito unaobana ndimi ukalegea. Mzee akapiga nyimbo mbili tu, vyuma vikaanza kuteleza mbele ya wakwe. Alinirudishia ilimba imefungwa kwenye kanga. Hakunigombeza. Aliniwekea mapajani, akasema, "Piga, mwanangu." Nikapiga. Nililia pale pale. Pesa alizikataa, alitaka ilimba. Nikangoja mti mwingine ukauke miezi 8, naye akangoja.

Gogo lipake nta vichwani, liweke kivulini. Juani litapasuka kabla hujaligusa.

2. Ukipiga tupa kwenye ncha ya ulimi, sauti inapanda; ukipiga karibu na daraja, inashuka. Msiniulize tena.

3. Utando wa mayai ya buibui unabandikwa juu ya tundu la sanduku mwisho, msasa ukishamalizika. Siku hizi naona mnabandika kipande cha rambo! Nailoni inapiga kelele tu. Ule utando mweupe unapatikana nyuma ya milango ya nyumba za zamani. Mimi hubisha hodi, naeleza shida yangu, na kina mama wananiachia niubandue taratibu kwa wembe. Sikilizeni rekodi za marehemu Hukwe Zawose, yule mpigaji ilimba wa Kigogo, aliyefariki hapa Bagamoyo mwaka 2003: nyuma ya kila sauti kuna mvumo, na mvumo ule ndio ilimba yenyewe.

Kijana wa juzi, gogo lako nimelipaka nta. Liko chini ya meza yangu, na patasi yako iko juu yake.