Rudi na Jibu: Ushauri kwa Anayegombea Udiwani kwa Mara ya Kwanza

Nimegombea udiwani mjini mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa, mara ya pili nikashinda, na miaka iliyokuwa katikati niliitumia kuhudhuria vikao vya halmashauri nikiwa nimekaa kwenye viti vya wananchi pamoja na wakazi wengine. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yako wewe uliyeamua, au unayekaribia kuamua, kuomba kiti hicho kwa mara ya kwanza. Sitagusa mambo ya vyama wala sera za taifa, kwa sababu vyama vina watu wao wa kufundisha hayo. Nitaeleza jambo moja ambalo wagombea wapya hawaambiwi mapema, nami nilichelewa kulijua: kwenda kwa watu ni sehemu nyepesi ya kazi hii, na kurudi kwao ndiyo kazi yenyewe.

Kabla hujabisha hodi kwenye mlango wowote, jifunze mipaka ya kiti unachokiomba. Katika kampeni yangu ya kwanza niliahidi, kwa nia njema kabisa, kwamba taa za barabara kubwa inayopita pembeni mwa mtaa wetu zingewaka ndani ya miezi sita. Baada ya wiki tatu nikagundua kwamba barabara ile haikuwa chini ya halmashauri, bali chini ya mamlaka nyingine ambayo diwani anaweza kuiandikia barua tu, na kwamba taa zilizokuwa chini ya halmashauri zilikuwa zile za vichochoro vya ndani, ambazo sikuwa nimezitaja hata mara moja. Mama mmoja mtu mzima aliyenisikia nikiahidi aliniuliza niliporudi kwake, «Mwanangu, ulikuja na maneno, leo umekuja na nini?» Sikuwa na jibu, na wala hakunikasirikia. Alinionea huruma tu, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Dawa ya kosa hilo ipo katika nyaraka ambazo watu wengi huziona kuwa kavu. Tafuta kumbukumbu za vikao vya halmashauri za mwaka mzima uliopita, uzisome zote kwa utulivu, ukiandika pembeni ni ombi gani kutoka mtaa wenu liliwasilishwa, nani alilijibu, na ombi gani liliahirishwa mara mbili au tatu kisha likatoweka bila maelezo. Maombi hayo yaliyotoweka ni hazina kwa mgombea, kwa maana yanakuonyesha jambo ambalo watu walikwisha kulihangaikia na ambalo bado lina mwenyewe. Kisha soma bajeti. Usitishwe na wingi wa tarakimu. Tafuta kwanza tofauti kati ya fedha za matumizi ya kawaida, ambazo karibu zote zimeshapangiwa mishahara na uendeshaji, na fedha za maendeleo, ambazo ndizo zinazobishaniwa. Mgombea anayejua kiasi kilichobaki kwa kubishaniwa hawezi kuahidi daraja mahali ambapo fedha zinatosha mtaro tu.

Jina la cheo lisikudanganye katika hili, kwa sababu madiwani wa miji mbalimbali hawana nguvu sawa. Mji wa Chicago, kwa mfano, umegawanywa katika kata 50, na kila diwani hupangiwa kila mwaka fungu la fedha za miundombinu ya kata yake. Mwaka 2009 diwani wa kata ya 49, Joe Moore, aliamua kuwaachia wakazi wenyewe wapendekeze miradi na kuipigia kura, kwa kufuata utaratibu ulioanzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989. Katika miji mingine mingi diwani hana senti moja iliyo chini ya mkono wake. Anachoweza ni kuhoji, kupendekeza na kupiga kura pamoja na wenzake. Ukiiga ahadi za mgombea wa mji mwingine bila kuchunguza tofauti hiyo, utakuwa unawaahidi watu mamlaka ya mtu mwingine.

Ukishajua mipaka yako, toka uende milangoni, na uende mwenyewe. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio katika mji wa New Haven, Marekani, likihusisha wapiga kura wapatao 30,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walitumiwa barua, wengine walipigiwa simu, na wengine waliachwa bila lolote. Waliotembelewa walijitokeza kupiga kura kwa wingi ulioonekana wazi. Barua zilisaidia kidogo, na simu hazikuonyesha faida. Ielewe vizuri maana ya matokeo hayo, kwani jaribio lilipima watu kujitokeza kituoni, halikupima iwapo wamebadilisha mgombea. Hata hivyo, katika uchaguzi wa kata, ambao watu wengi huupita kwa kudhani kwamba hauwahusu, kumtoa mtu nyumbani ni zaidi ya nusu ya safari.

Mlangoni usiseme sana. Nilipoanza nilikuwa natoa maelezo yangu kwa dakika nne nzima, mwenye nyumba akiwa amesimama na mkono kwenye kitasa, akingoja nimalize. Baadaye nilijifunza kutaja jina langu, kiti ninachokiomba, kisha kuuliza swali moja: «Ni jambo gani la hapa mtaani ambalo umewahi kulilalamikia na hukujibiwa?» Swali hilo linamheshimu anayeulizwa, kwa sababu linakubali kwamba alikuwapo kabla yako na kwamba alikwisha kujaribu. Mtu akisema hana jambo, mshukuru uondoke. Akianza kueleza, usimkatize kumwambia kwamba unalijua tatizo lake, hata kama unalijua kweli.

Uwe na daftari. Mimi nilitumia la karatasi, nikaligawa kila ukurasa katika safu nne: mlango, jambo lililosemwa, ofisi inayohusika, na siku niliyoahidi kurudi. Safu hiyo ya nne ndiyo iliyobadilisha kazi yangu yote. Siku ikifika, rudi, hata kama ulichopata ni barua ya kukataliwa. Hapana iliyoelezwa vizuri ni jibu, na watu wazima wanaweza kulipokea. Wasichoweza kukipokea ni ukimya, kwa sababu ukimya wameshaupata kwa wengine waliokutangulia. Niliona mara nyingi kwamba mtu niliyempelekea jibu baya, nikiwa na nakala ya barua mkononi, alianza kunitambulisha kwa majirani zake, ilhali yule niliyempelekea habari njema alishukuru tu akafunga mlango.

Kuhusu daftari hilo kuna jambo la kuangalia sana. Usiandike humo ugonjwa wa mtu, dini yake, madeni yake, wala chama unachodhani anakipenda. Utaambiwa mengi ukiwa mlangoni, maana wapo watu ambao kwa miezi kadhaa hakuna aliyewauliza hali, nao wakipata msikilizaji hufungua moyo. Yale yasiyohusu halmashauri yabaki kifuani mwako. Nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na sheria hizo zinawabana wagombea pia, lakini hata pasipokuwa na sheria, mtaa ni mdogo na neno husafiri.

Utakapokuwa umetembea wiki mbili, fungua daftari lako ujiulize ni nani hayumo. Mara nyingi utakuta hawamo wapangaji wanaohama kila mwaka, wafanyakazi wa usiku ambao hulala wakati unapopita, vijana ambao mlango hufunguliwa na wazazi wao, na wanawake ambao mwanamume wa nyumba amewajibia. Pengo hili lina gharama halisi. India ilipofanya marekebisho ya 74 ya katiba mwaka 1992, ilitenga angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya miji kwa ajili ya wanawake, na vijijini nako utaratibu wa namna hiyo uliwekwa. Watafiti Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walilinganisha mabaraza ya vijiji ya West Bengal na Rajasthan, wakaona kwamba pale ambapo uongozi ulitengwa kwa wanawake, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, ambalo ndilo jambo wanawake walikuwa wakililalamikia zaidi. Kwa hiyo ukiwa umewasikiliza wenye nyumba wa kiume tu, orodha yako ya matatizo ya mtaa si ndogo tu, imepinda. Badilisha saa za kutembea, nenda vituo vya basi alfajiri, na mtu akikujibia kwa niaba ya wenzake, uliza kwa adabu kama unaweza kurudi siku ambayo nao watakuwapo.

Wapo pia wakazi wasio na kura kabisa, kama wageni wasio raia na watoto wa shule. Watu wa kampeni watakuambia usipoteze muda kwao. Mimi sikubaliani nao. Katika mji wa Los Angeles, mkataba wa mji uliopitishwa mwaka 1999 ulianzisha mabaraza ya vitongoji ambamo anayeishi, anayefanya kazi au mwenye mali katika kitongoji anaweza kushiriki, na naona fikra hiyo iko karibu zaidi na maisha ya mtaa yalivyo. Mwenye duka asiyelala hapo anajua taa ipi imezimika, na mtoto wa shule anajua ni kivuko kipi magari hayasimami.

Maisha ya pamoja ya mtaa yanataka subira ya aina nyingine. Vikundi vya usafi, kamati za wazazi, timu za vijana, vyama vya wakazi wa jengo moja, vyote vilikuwapo kabla ya kampeni yako na vinapaswa kubaki salama baada yake. Jiunge navyo mapema, mwaka mmoja au miwili kabla ya uchaguzi, ukiwa tayari kupanga viti na kuandika kumbukumbu za kikao. Usiende na fulana yenye picha yako siku ya kufagia mtaa, wala usiombe nafasi ya kusema mwishoni mwa mkutano ulioitishwa kwa jambo lingine. Nchini Ufaransa, sheria ya Februari 2002 iliitaka kila manispaa yenye wakazi 80,000 au zaidi iwe na mabaraza ya mitaa. Kwenye vikao vya namna hiyo, popote vilipo, mgombea anaweza kujifunza jinsi ya kukaa kimya saa mbili akisikia watu wakibishana kuhusu maegesho ya magari. Kumbuka tu kwamba wanaohudhuria vikao mara nyingi ni wale wale, na sauti zao si kipimo cha mtaa mzima. Ndiyo maana vikao haviwezi kuchukua nafasi ya milango.

Makundi ya simu ya wakazi nayo yana faida, hasa maji yakikatika au mtoto akipotea, lakini usijibu tuhuma humo usiku. Mwandikie mhusika pembeni, au mfuate asubuhi.

Kuhusu fomu nitasema kwa kifupi. Msomee msimamizi wa uchaguzi masharti yote kwa sauti, naye akuthibitishie kila sharti. Hesabu saini za wadhamini kisha uongeze nyingine, kwa kuwa baadhi zitakataliwa. Tenga mtu mmoja mwaminifu wa kutunza risiti tangu siku ya kwanza. Kosa la karatasi linaweza kuua kampeni nzuri kabla haijazaliwa. Na usidharau kura yoyote. Mwaka 2017, katika eneo la South Blyth huko Northumberland, Uingereza, wagombea wawili wa baraza la kaunti walilingana kura hata baada ya kuhesabiwa upya, ikabidi wavute vijiti ili bahati iamue, na chama cha aliyeshindwa kikakosa wingi katika baraza kwa kiti kimoja tu.

Mpinzani wako ni jirani yako. Mtakutana naye dukani, kwenye ngazi za jengo na kwenye mazishi, kabla na baada ya kura. Pinga rekodi yake ya kazi kwa ushahidi, uache familia yake, afya yake na asili yake, na uwaambie wanaokusaidia mapema kwamba atakayevunja sharti hilo ataondolewa, kisha umwondoe kweli. Mimi nililazimika kumwondoa msaidizi mmoja hodari kuliko wote. Ilinigharimu, na ningefanya hivyo tena.

Matokeo yakitangazwa, yawe mazuri au mabaya, teremsha mabango yako mwenyewe ndani ya wiki hiyo, kisha ufungue daftari kwenye kurasa ambazo safu ya nne bado haijafika. Niliposhindwa mara ya kwanza nilikuwa na ahadi 31 za kurudi. Nilirudi kwenye milango hiyo yote, jioni moja baada ya nyingine, nikimwomba kila mtu ruhusa ya kumpelekea aliyeshinda jambo lake, likiwa na jina au bila jina kama atakavyo. Wanne walikataa, nikazikata kurasa zao mbele yao. Yaliyobaki nilimpelekea diwani mpya ofisini kwake katika juma lake la kwanza, tukakaa mezani tukayapitia moja baada ya jingine, naye akachukua kalamu akaanza kuandika tarehe zake katika safu ya nne.