Hilo "aliweza" linafanya nini hapo?

SWALI: Mimi hutengeneza tovuti. Nimetoka kwenye kongamano la waandaaji wa programu za wavuti, na sasa naandika tafakuri juu ya yale niliyoyasikiliza. Je, niseme "nilihudhuria kongamano" au "nilihudhuria kwenye kongamano"? Na "mada" na "wasilisho" vina tofauti gani? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Wazungumzaji waliweza kuelezea namna ya kupunguza uzito wa kurasa, na mimi binafsi niliweza kujifunza mengi."

JIBU: Andika "nilihudhuria kongamano". Hudhuria huchukua yambwa moja kwa moja, ndiyo maana twasema kongamano lilihudhuriwa na watu wengi. "Kwenye" haina kazi hapo. Asili ya neno ni Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia hadhira, hadhara na mhadhara. Hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye sentensi yako, maana ina jambo linalonikera kila nisomapo taarifa ya mkutano wowote. "Waliweza kuelezea." Walikuwa na nini wazungumzaji hao hata kueleza kwao kuwe ni kuweza? Kipaza sauti kilizimika wakaendelea kwa sauti zao? Umeme ulikatika wakamalizia gizani? Kama ndivyo, tusimulie, nasi tutawasifu. Kama walipanda jukwaani, wakafungua slaidi zao na kusema waliyojiandaa kuyasema, basi walieleza. Neno moja limetosha.

Weza ni kitenzi cha nguvu. Wazee wakisema "fulani hawezi", maana yake ni mgonjwa. Akiwa "hajiwezi", hali ni mbaya zaidi. Tunakitumia pia kwa ruhusa na kwa jambo linaloelekea kutokea, na huko sina ugomvi nacho. Lakini ukikitanguliza mbele ya kila tendo lililokwisha kutendeka, unakikausha, na siku mtu atakapoweza kweli utakosa la kusema juu yake.

Chukua mfano wa watu wa fani yako. Mwaka 2009, katika kongamano la JSConf EU mjini Berlin, mwandaaji wa programu Ryan Dahl aliwasilisha Node.js, chombo alichokiunda cha kuendeshea lugha ya JavaScript kwenye seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa kwa wanaozifungua. Andika "aliwasilisha". Ukiandika "aliweza kuwasilisha", msomaji ataanza kutafuta kizuizi alichokivuka, na hakipo. Ila ukisema kwamba kwa Node.js seva iliweza kuhudumia maombi mengi kwa pamoja bila kukaa ikisubiri moja limalizike, hapo neno limekaa mahali pake, kwa sababu habari yenyewe ni ya uwezo. Liondoe, na maana inabadilika. Mwaka 2018 Dahl alirudi katika kongamano lilelile akatoa wasilisho aliloliita mambo kumi anayoyajutia kuhusu Node.js, yakiwemo folda ya node_modules na faili ya package.json. Alijuta! Nani atathubutu kuandika kwamba "aliweza kujuta mambo kumi"? Nimekwisha kusoma sentensi za namna hiyo, na waliozitunga ni watu wenye akili zao timamu.

Nusu ya pili ya sentensi yako imenisikitisha zaidi. "Niliweza kujifunza mengi." Mengi yapi? Weza na mengi hutembea pamoja, na vikishafika mwandishi hujiona amemaliza kazi. Sisi ambao hatukuwa ukumbini hatujaambiwa kitu. Tuseme ulichokiona ni hiki: "Mzungumzaji alifungua ukurasa ambao maandishi yake yalikuwa yakirukaruka kila picha inapoingia. Akaandika upana na kimo cha kila picha ndani ya HTML, lugha ya kuundia kurasa, akaufungua tena, maandishi yakatulia. Nikakumbuka kurasa zangu." Hapo kuna tafakuri. Kila kitenzi kimebeba mzigo wake, na mtu wa fani yako atakwenda kuzikagua picha zake leo hii.

(Hiyo "kuelezea" nayo! Eleza inatosha: walitueleza, walieleza namna ya kupunguza uzito. Lakini nimechoka kupigana vita viwili kwa siku moja.)

Katika mazungumzo nalivumilia. Mtu aliyesimama mbele ya watu bila karatasi, akitafuta neno linalofuata, akijishikiza kwenye "tuliweza", simlaumu; ulimi unahitaji pa kupumzikia. Wewe unaandika. Unayo nafasi ya kuirudia sentensi, kulifunika hilo "weza" kwa kidole na kuisoma upya. Maana ikibaki ileile, lifute.

Ama mada na wasilisho: mada ni jambo linalozungumziwa, wasilisho ni kule kulizungumzia mbele ya hadhira. Usalama wa tovuti ni mada. Wazungumzaji watatu wakiusemea kila mmoja kwa zamu yake, umesikiliza mawasilisho matatu.