Chakula cha Kizimbani: Kwa Anayeanza Utafiti wa Ini Lenye Mafuta

Ndugu unayeanza kazi hii, kabla hujamgusa panya yeyote soma karatasi ya viambato iliyobandikwa kwenye mfuko wa chakula chake, kwa kuwa katika utafiti wa ini lenye mafuta chakula ndicho dawa unayoijaribu.

Mimi sikuisoma. Kundi moja nililipa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake hutokana na mafuta, na kundi la kulinganishia likaendelea na chakula cha kawaida cha nafaka. Maini yalitofautiana kweli, lakini msimamizi wangu aliponiuliza tofauti hiyo imeletwa na nini, sikuwa na jibu, kwani vyakula hivyo vilitofautiana pia kwa sukari, kwa nyuzinyuzi na kwa aina ya protini. Miezi minne ikapotea. Kundi la kulinganishia lipewe chakula cha viambato vilevile vilivyosafishwa kama vya chakula cha mafuta mengi, ila chenye mafuta machache, mathalani asilimia 10 ya nishati.

Tena, vyakula vinavyojaza ini mafuta havileti vyote ugonjwa uleule. Kile kilichoondolewa methionini (kijenzi cha protini) na kolini (kirutubisho ambacho ini hukihitaji) huleta mafuta, uvimbe na makovu ndani ya wiki chache, kwa sababu bila kolini ini hushindwa kuyasafirisha mafuta kwenda kwenye damu. Ila panya huyo hukonda, wala hapati usugu wa insulini, yaani mwili kutoitikia vyema homoni hiyo inayodhibiti sukari, ilhali wagonjwa wengi wa kibinadamu ni wanene. Mafuta yakichanganywa na fruktosi (sukari ya matunda) na kolesteroli, hali humkaribia zaidi binadamu, lakini makovu huchukua miezi mingi kujitokeza, na bajeti iwe tayari kwa hilo.

Chakula chenye mafuta mengi ni laini na humomonyoka. Niliwahi kuandika daftarini kwamba panya mmoja amekula gramu 6 kwa siku, nikafurahi. Nilipochekecha maranda anayolalia nilikuta karibu nusu ya chakula hicho chini, imelowa mkojo.

Siku ya kuchukua maini, wazuie panya wote kula kwa muda uleule, saa chache tu za mchana, maana akishinda njaa usiku kucha hata wa kundi la kulinganishia ini lake hujaa mafuta yanayotoka mwilini mwake. Kata sampuli upande uleule wa ini kwa kila panya, na kipande cha kupakwa rangi inayoonyesha mafuta ukigandishe; ukikipitisha kwenye nta, alkoholi na zailini, vimiminika vinavyotumika kukiandaa kwa nta, zitayayeyusha mafuta yote, nawe utabaki ukihesabu matundu meupe chini ya hadubini.