Maharage ndiyo yanayomaliza mtungi

Gesi ya kupikia ikipanda bei, hapa Tabata, Dar es Salaam, utasikia swali lile lile dukani, saluni na kwenye daladala: gesi si yetu wenyewe, inatoka Mtwara, sasa inapandaje? Ni swali la haki. Na ukilipata jibu lake utajua pia wapi pa kuhangaika na wapi usijichoshe.

Gesi ya Songo Songo, kule Lindi, na ya Mnazi Bay, kule Mtwara, ni gesi asilia, karibu yote ni methani. Inaletwa Dar kwa bomba, ile ya Songo Songo tangu 2004 na ile ya Mtwara tangu 2015, na kwa sehemu kubwa inaishia kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi. Zipo nyumba chache, kama za Mikocheni, zilizounganishwa na bomba hilo moja kwa moja hadi jikoni. Sisi wengine tunapikia kitu tofauti kabisa. Ndani ya mtungi mna propani na butani, ambazo ukizishindilia kidogo tu zinakuwa kimiminika, na hizo zinaagizwa nje, zinaletwa kwa meli na kulipiwa kwa dola. Bei ikipanda huko duniani, au shilingi yetu ikiteleza, mtungi unapanda. Tena haumo kwenye bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zile ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ndiyo maana duka hili linaweza kukuuzia mtungi kwa bei moja na duka la barabara ya pili kwa bei nyingine, na hakuna aliyevunja sheria. Ulizia maduka mawili matatu kabla hujamwita bodaboda.

Bei ya dunia hatuwezi kuishusha kutokea Tabata. Tunachoweza ni kuchagua chakula gani kipande juu ya jiko la gesi na kipi kisipande. Hapo ndipo nilipoona nafuu ya kweli nyumbani kwangu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Anza kwa kujua unanunua nini. Kwenye shingo au mkono wa mtungi kuna namba ya uzito wa mtungi mtupu. Ukiletewa mtungi wa kilo 6, uweke kwenye mizani, toa namba hiyo, na kinachobaki kiwe kilo 6. Muuzaji wa gesi anapaswa kuwa na mizani, na huna haja ya kuona aibu kumwambia, "Kaka, nipimie kwanza." Akinuna, nenda kwa mwenzake. Halafu fanya hesabu ya kilo moja. Mtungi mdogo ukiupata kwa shilingi 25,000, kila kilo ya gesi umeilipia kama 4,200. Mtungi wa kilo 15 mara nyingi kilo yake ni nafuu kidogo, kwa hiyo anayeweza kudunduliza mpaka afikie ule mkubwa anapata faida kila anapobadilisha. Kuna pia mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu wa kipato cha kila siku, ila nayo igeuzie kwenye hesabu ya kilo ujue unalipa nini.

Sasa tuingie jikoni.

Jiko la gesi la nyumbani linakula takribani gramu 100 hadi 200 kwa saa kwenye pleti moja, kutegemea umefungua moto kiasi gani. Chai ya asubuhi, mayai, mchicha, dagaa wa kukaanga, hivyo vyote ni vya dakika chache na havimalizi mtungi. Anayemaliza mtungi ni maharage. Na makande, na kisamvu, na makongoro, na nyama ya ng'ombe ya buchani ambayo huwezi kujua ng'ombe wake alikuwa na umri gani. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili na nusu. Piga hesabu: ni gramu 250 hadi 500, yaani kati ya shilingi 1,000 na 2,000 za gesi kwa sufuria moja, kabla hujaweka kitunguu wala nazi. Familia inayopika maharage mara tatu kwa wiki inatakiwa iangalie hapo kwanza kabla ya kuanza kuwagombeza watoto kwa kuchemsha uji.

Kwa hiyo, loweka. Maharage yawekwe kwenye maji mengi usiku, asubuhi maji yale yamwagwe. Mama zetu walifanya hivyo wakati wa kuni na sababu yao ilikuwa ni hii hii. Muda wa kupika unapungua sana, na hata tumbo linapata raha. Mwenye friji apike ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, ayagawe kwenye makopo yenye mifuniko ayagandishe, kisha kila jioni aunge kopo moja tu. Asiye na friji asijaribu, joto la Dar litayachachusha kabla ya kesho mchana.

Hatua ya pili ni presha kuka. Ile ya kuweka juu ya gesi inasaidia sana, lakini ile ya umeme kwangu mimi ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Nalisema hili nikijua wengi mtashtuka, maana tumekua tukiamini kupikia umeme ni kwa watu wa Masaki. Imani hiyo inatokana na yale majiko ya koili, ambayo kweli yanakula. Presha kuka ya umeme imefungwa vizuri, ikishapanda joto inajizima na kujiwasha yenyewe, kwa hiyo muda mwingi haivuti umeme kabisa. Sufuria ya maharage haifikishi uniti moja. Kwa bei ya kawaida ya majumbani uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo zake inafika kama 356. Linganisha na ile 1,000 ya gesi.

Lakini wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja na familia ni nne. Hapo tatizo ni majirani. Nilipoleta presha kuka, mama mwenye nyumba wetu aliniita uani.

"Mwanangu, hilo dude lako litatumalizia umeme. Pasi tu tunagombana, sembuse jiko?"

Nikamwomba kitu kimoja: "Mama, naomba tuiangalie LUKU pamoja kabla sijawasha, na tuiangalie tena maharage yakiiva."

Alikubali. Tulizima friji na vitu vingine vikubwa, tukasoma uniti, nikapika, tukasoma tena. Ilikwenda chini ya nusu uniti. Mama akacheka, akaniuliza nimeinunua Kariakoo mtaa gani. Tangu hapo makubaliano yetu ni kwamba kila anayepikia umeme anaongeza kiasi fulani kwenye mchango wa LUKU, na hakuna anayenung'unika. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Usijitetee kwa maneno wakati mita ipo ukutani na inasomeka na kila mtu.

Tahadhari moja ya LUKU ni muhimu sana. Kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti, kumbukeni kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Mkizidisha, uniti za juu yake zinauzwa ghali, na mkiendelea kuzidisha mnaweza kuhamishiwa kundi la juu. Ukiwa na nafasi chini ya 75, kupikia maharage kwa umeme ni karibu na bure. Ukiwa umeshaufikia ukingo, tumia kwa hesabu. Na angalia waya wa nyumba. Presha kuka ya kawaida ni wati 1,000 hivi, usiichomeke kwenye tawi la soketi lenye televisheni, feni na chaja tatu.

Nalipenda wazo hili kwa sababu nyingine pia. Umeme tunaopikia unatoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mtwara, na sasa pia kwenye maji ya Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Yule aliyeuliza kwenye daladala gesi yetu iko wapi, iko kwenye soketi. Kuitumia kupikia maharage ni njia halisi ya kunufaika nayo.

Asiye na presha kuka na asiye na umeme wa uhakika afanye kikapu. Tafuta kapu kubwa la ukili, au hata boksi gumu, lijaze pembeni na chini vipande vya godoro au vitenge chakavu vilivyoshindiliwa, uache tundu la kuenea sufuria, na ushone mto wa kufunika juu. Chemsha chakula, kikiwa bado kinatokota kiingize kwenye kapu na mfuniko wake, kifunike kabisa, ukiache. Wali ukishatokota vizuri unaivia humo. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwanza motoni kama nusu saa, ndipo yaingie kapuni kwa saa tatu au nne. Usifupishe kule kuchemka. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo inaondoka kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10, na joto la chini la kapuni peke yake haliiondoi. Yakitoka kapuni, yarudishe motoni yatokote kidogo kabla ya kula. Asubuhi unachemsha, unakwenda kwenye shughuli zako, mchana unakuta chakula.

Kuna mambo madogo ambayo nayataja haraka kwa kuwa yanajulikana lakini hayafuatwi. Funika sufuria. Maji yakishachemka, hapa usawa wa bahari yako kwenye nyuzi 100, na hata ufungue gesi hadi mwisho hayatazidi hapo, yatakauka tu. Kwa hiyo chakula kikitokota, shusha moto mpaka uwe mdogo kabisa. Moto ukipanda pembeni ya sufuria, unapasha hewa ya jikoni. Moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiona wa njano na masufuria yanaingia masizi, matundu ya jiko yameziba au hewa haiingii sawa, yasafishe kwa brashi na sindano au mwite fundi, maana gesi inaungua nusu nusu. Ukipikia uani, kinga upepo. Chai ipikwe mara moja na iwekwe kwenye chupa, isipashwe kila anayeamka. Maji ya kuoga, kwa jua letu, ndoo iliyowekwa nje tangu saa sita inatosha, ni wagonjwa na vichanga tu wa kuchemshiwa.

Nije kwenye mkaa, kwa sababu najua gesi ikipanda wengi wanaurudia. Sitamlaumu mtu ambaye mfukoni ana hela ya kopo moja tu. Lakini mwenye uwezo wa kuchagua afanye hesabu ya mwezi mzima. Mkaa wa kopo ni rejareja ya mwisho kabisa, kila aliyeubeba tangu porini ameshaweka faida yake, na kwa kazi ndogo kama chai unalazimika kuwasha jiko zima, kisha makaa yanabaki yakijiunguza bure. Nimeshaona majirani wanaohesabu kopo za wiki wakakuta wamevuka bei ya mtungi mdogo. Tatizo ni kwamba mtungi unataka hela yote kwa pamoja. Kwa hilo, ile hela ya kopo iweke kila siku kwenye kibubu au kwenye akiba ya simu ambayo hutaigusa, na mtungi mpya uagizwe kabla wa zamani haujazima. Unaoisha usiku wa manane na nyumba haina akiba ndio unaokurudisha kwenye mkaa kwa mwezi mzima. Na ukilazimika kupikia mkaa, upikie nje. Kamwe usiingize jiko la makaa chumbani mnapolala, hata kama mvua ya masika inanyesha. Hewa yake inaua watu usingizini na haina harufu ya kukuamsha.

Mwisho, mtungi ukikaribia kuisha, tafadhali usiulaze, usiupindue, usiutie kwenye beseni la maji ya moto ili ukamue kilichobaki. Nimeona ikifanywa na watu ninaowapenda. Ukiupindua, kimiminika kinaingia kwenye regulata na mpira, moto unaruka bila mpangilio. Gramu zile hazifiki hata shilingi mia chache. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishe, na kila unapofunga mtungi mpya paka maji ya sabuni kwenye kiungio cha regulata. Povu likivimba, gesi inavuja: funga, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, na urudishe mtungi ulikoununua siku hiyo hiyo.