Maswali na majibu: Pantala, kereng'ende wa safari ndefu

Kamusi yangu inasema kereng'ende ni ndege wa jamii ya kwale. Nani kakosea?

Hakuna. Ndege na mdudu wamegawana jina moja. Hapo ndipo jina la kisayansi linapofaa: ukisema Pantala, hakuna atakayemfikiria kwale.

Naona wengine wanaandika Pantala, wengine Pantala flavescens. Lipi ndilo jina lake?

Yote ni yake, ila ni ngazi mbili. Pantala ni jenasi, yaani kundi la aina zinazokaribiana. Flavescens ni spishi, yaani aina moja ndani ya kundi hilo; ni neno la Kilatini lenye maana ya "anayegeuka manjano". Juu ya jenasi ipo familia ya Libellulidae, kisha nusuoda ya Anisoptera, yaani kereng'ende wanene wanaotua mabawa yakiwa wazi. Juu yake ipo oda ya Odonata, wanamoingia pia wale wembamba wa Zygoptera, ambao wengi wao hukunja mabawa mgongoni.

Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, alipomweleza mdudu huyu mwaka 1798, alimwita Libellula flavescens. Enzi hizo Libellula ilikuwa kapu kubwa, kereng'ende wengi wa namna mbalimbali wakitiwa humo. Hagen, mtaalamu mwingine wa wadudu, ndiye aliyeunda jenasi ya Pantala, mwaka 1861.

Nitamtambuaje?

Kwa mabawa. Mvizie akiwa amening'inia wima kwenye kijiti, kisha tazama bawa la nyuma pale linapoungana na mwili. Limetanuka kama tanga, wakati bawa la mbele ni jembamba. Upana huo ndio unaomwezesha kuelea juu ya upepo kwa muda mrefu bila kuchoka. Hata jina lina habari hiyo: pan ni "yote" kwa Kigiriki, ala ni "bawa" kwa Kilatini. Mdudu mzima ni mabawa! Sijaona jina lililomkaa mdudu vizuri kuliko hili.

Jenasi hii ina spishi ngapi?

Mbili tu. Ya pili ni Pantala hymenaea, wa mabara ya Amerika. Huyu ana doa la kahawia kwenye shina la bawa la nyuma, flavescens hana.

Flavescens yuko karibu kila bara. Mbona hajagawanyika kuwa spishi nyingi?

Kwa sababu hatulii mahali pamoja. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na lava wake (watoto wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa) hukua upesi, wiki chache tu, kabla maji hayajakauka. Wakishaota mabawa huifuata mvua ilipo. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson alieleza jinsi wanavyovuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia Maldivi, hadi Afrika Mashariki, na kizazi cha baadaye kikarudi. Wanaokutana na kuzaana hivyo hawapati nafasi ya kutengana. Hata Rapa Nui, kisiwa kilicho peke yake katikati ya Pasifiki, kereng'ende pekee aliyefika na kukaa ni yeye.