Mashine ya boti ikizama baharini, gharama inategemea saa za mwanzo

Nimeona pesa nyingi zikipotea kisiwani Mafia kwa jambo moja tu: mashine ikidondoka watu wanaiopoa, wanaianika ufukweni ikauke, afu ndo wanaanza kutafuta fundi, na fundi anakuja kesho yake. Jamani hapo gharama imeshapanda. Kutu inakimbia sana pale chuma chenye chumvi kinapokutana na hewa, kwa hiyo kama fundi yuko mbali itumbukize mashine nzima kwenye pipa la maji ya kisima yasiyo na chumvi ikae humo mpaka afike, watu watakushangaa lakini waache washangae.

Jambo la pili, ilipodondoka ilikuwa inaunguruma au imezimwa? Ya kwangu, ya nguvu farasi 15, ilidondoka Kilindoni tukiihamisha toka boti moja kwenda nyingine, ilikuwa imezimwa, tukaishughulikia siku hiyo hiyo, nikalipia plagi, petroli na oili mpya, kusafisha kabureta na ufundi basi. Ya jirani ilichomoka ikiwa kwenye mwendo, ikavuta maji ndani ya silinda, na maji hayashindiliki kama hewa, pistoni ikipanda inayakuta pale juu na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Ndo maana nasema usivute kamba kwa nguvu kabla hujatoa plagi! Toa plagi, laza mashine matundu yaangalie chini, vuta taratibu maji yatoke, ukisikia inagoma acha hapo hapo. Ikiwa inazunguka vizuri mwagia oili kwenye matundu, safisha mfumo wa mafuta, iwashe siku hiyo hiyo na iache iungurume muda mrefu sehemu ya chini tu ikiwa kwenye pipa la maji ili ikauke kwa ndani.

Pesa kubwa iko kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hizi mashine za kuchanganya oili na petroli, beringi za krenki zinapata ule mchanganyiko tu, chumvi ikibaki humo mashine itawaka vizuri, utafurahi, afu baada ya muda inaanza kugonga ukiwa mbali na nchi kavu. Krenki yenyewe imeunganishwa kwa presi, si kila fundi anaweza kuifungua, wengi watakwambia nunua nzima, ukiongeza pistoni, ringi, sili na gasketi unakaribia bei ya mashine iliyotumika. Mimi nikiona bili imepita nusu ya bei hiyo sitengenezi, nauza gia boksi, propela na kava kama spea.

Zile zisizochanganya oili na petroli, zenye oili yake peke yake, ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa badilisha, washa, badilisha tena mpaka itoke safi, na uwe na akiba, maana stata na kompyuta ya mashine vikiingia chumvi ni bei mbaya.

Na fundi mpatane ufundi peke yake, spea ulizia bei mwenyewe madukani Dar, na vile vilivyotolewa akukabidhi uvione.